Lugha ya Mwanafunzi Katika Ofisi ya Kijiji: Mafunzo kwa Vitendo na Huduma za Umma Rungwa

1.0 Utangulizi

Kiswahili cha Tanzania kina istilahi tatu zinazokaribiana kwa maana, ambazo aghalabu huchanganywa hata katika nyaraka rasmi: uanagenzi, utarajali na mafunzo kwa vitendo. Mwanagenzi hujifunza ufundi kwa kukaa na fundi. Tarajali ni mhitimu anayezoezwa kazi kabla ya kuajiriwa au kusajiliwa, na daktari tarajali ndiye anayefahamika zaidi. Mafunzo kwa vitendo ni ya mwanafunzi ambaye bado yumo chuoni. Wanafunzi wenyewe huyaita "fildi". Istilahi zote tatu zinamtazama anayejifunza na kile atakachokipata. Hakuna hata moja inayoitaja ofisi inayompokea, wala mwananchi aliyeketi kwenye benchi nje ya ofisi hiyo akisubiri kuhudumiwa.

Mhadhara huu unautazama upande huo wa pili. Hoja yake ni kwamba manufaa ambayo serikali za mitaa huyapata kutoka kwa mwanafunzi wa chuo kikuu yanategemea, kwa kiasi kikubwa kuliko inavyodhaniwa, lugha anayoitumia kusikiliza, kuandika na kuacha kumbukumbu. Mahali pa kuipimia hoja hiyo ni Rungwa, kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Itigi, katika Wilaya ya Manyoni, Mkoa wa Singida.

2.0 Usuli

Wazo kwamba msomi anawiwa na jamii iliyomsomesha si geni nchini. Mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na wengi wao wakarudishwa makwao. Mwaka uliofuata likatolewa andiko la Mwalimu Nyerere la Elimu ya Kujitegemea. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU iliyokutana Musoma iliazimia kwamba kijana afanye kazi kwanza ndipo aingie chuo kikuu, na kwamba wale aliofanya nao kazi wawe na kauli juu ya kufaa kwake.

Azimio hilo lilikuja wakati halmashauri za wilaya zilikuwa zimekwisha kuvunjwa kwa mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972. Halmashauri zilirejeshwa kwa sheria za mwaka 1982, na mojawapo, Sheria Na. 7, ndiyo inayoweka misingi ya mamlaka za wilaya na vijiji. Kwa hiyo mwanafunzi wa leo anayepangiwa ofisi ya mtendaji wa kata au wa kijiji anaingia katika chombo chenye mamlaka ya kisheria: kuna halmashauri ya kijiji yenye wajumbe kati ya 15 na 25, na juu yake kuna mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mtu mzima ni mjumbe wake. Vyombo hivyo vyote huendesha shughuli zake kwa Kiswahili. Mwanafunzi, kwa upande wake, ametoka darasani ambako, ukiacha Kiswahili chenyewe na masomo machache, amefundishwa kwa Kiingereza.

3.0 Rungwa na lugha zake

Rungwa iko kusini mwa Itigi, kwenye barabara iendayo Chunya na Mbeya. Ni nchi ya miombo, ya asali na ya tembo. Pori la Akiba la Rungwa, linalopakana na mapori ya Kizigo na Muhesi, limechukua jina la mahali hapo. Wakimbu ndio wenyeji wa sehemu kubwa ya eneo hilo. Historia ya utawala wao iliandikwa kwa kina na Aylward Shorter katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1972. Lugha yao, Kikimbu, ni ya kundi moja na Kinyamwezi na Kisukuma. Katika wilaya hiyohiyo husikika pia Kigogo na Kinyaturu, na wafugaji wameleta Kisukuma na Kitaturu. Hii ya mwisho si ya Kibantu kabisa.

Katika hali hiyo Kiswahili ni daraja. Hata hivyo, mwanaisimu hana budi kuuliza ni Kiswahili kipi. Kiko Kiswahili cha kikao na cha fomu, na kiko Kiswahili cha kisimani na cha mzingani. Wanaovitumia huamini kwamba wanazungumza lugha moja, na kwa sababu hiyo tofauti ya maana hupita bila kugunduliwa. Mgogo na Mtaturu wanapokosa kuelewana, kila mmoja anajua kwamba hawajaelewana. Mtendaji na mkulima wanapotumia neno moja kwa maana mbili, huagana kwa amani na mgogoro huja baadaye.

4.0 Maneno matatu yenye uzito

4.1 Kifuta jasho na fidia

Tembo akila shamba la mahindi, mkulima huenda ofisini "kudai fidia". Kanuni zilizotolewa mwaka 2011 chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 hazitoi fidia. Zinatoa kifuta jasho kwa mali iliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kwa familia ya aliyeuawa. Kimofolojia, istilahi hizo ni za muundo wenye rutuba katika Kiswahili, wa kiambishi ki-, kitenzi na nomino, kama vile kipaza sauti na kifungua kinywa. Kisemantiki, zimechaguliwa kwa uangalifu mkubwa. Fidia hurudisha kilichopotea, tena humtambua aliye na wajibu wa kukirudisha. Kinachofuta machozi hakimrudishi marehemu, wala hakisemi ni nani aliyesababisha kilio.

Kiasi cha kifuta jasho kwa mazao hutegemea, pamoja na mambo mengine, ukubwa wa eneo lililoharibiwa na umbali wake kutoka mpaka wa hifadhi. Hapa mwanafunzi mwenye tepu ya kupimia, daftari na subira anaweza kuwa msaada mkubwa kwa ofisi yenye watumishi wachache: hupima, huandika, hujaza fomu. Lakini asipomweleza mkulima kwamba anachokijazia fomu si fidia, atakuwa amemjengea tumaini ambalo sheria haikulitoa. Malipo yakija madogo, mkulima hatailaumu kanuni asiyoijua. Atasema fedha zake zimeliwa. Tuhuma hiyo humwangukia mtendaji ambaye huenda hana kosa lolote, huku mwanafunzi akiwa amekwisha kurudi chuoni.

4.2 Pori na akiba

Neno la pili ni "pori". Kwa mrina asali, pori ni mahali popote penye miti pasipolimwa, na kusema "naenda porini" ni kusema anakwenda kazini. Kwa askari wa wanyamapori, Pori la Akiba ni hadhi ya kisheria: kuingia bila kibali ni kosa. Neno "akiba" huzidisha utata. Nyumbani, akiba ni kitu alichokiweka mwenyewe ili akitumie siku ya haja. Katika mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, ardhi ya akiba ni ile ambayo wanakijiji wameitenga kwa mahitaji ya baadaye. Katika jina la hifadhi, mweka akiba ni Serikali. Mwanafunzi anayesaidia kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi akiandika "akiba" bila kueleza ni akiba ya nani, ameacha mlango wazi kwa ugomvi wa mpaka.

4.3 Kujulishwa na kuridhia

Mfano wa tatu ni wa vitenzi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla ya mkutano mkuu wa kijiji kuidhinisha. Kazi ambayo mwanafunzi hupewa kwa wepesi ni kuandika muhtasari, kwa kuwa mwandiko wake unasomeka na kompyuta anaijua. Sasa, "mkutano ulijulishwa", "mkutano ulijadili" na "mkutano uliridhia" ni kauli tatu zenye nguvu tofauti. Ya kwanza humfanya mwananchi kuwa msikilizaji. Ya pili humfanya kuwa msemaji. Ya tatu pekee ndiyo humfanya kuwa mwamuzi. Mwanafunzi akiandika "uliridhia" mahali ambapo watu walinyamaza tu, amewatolea wanakijiji idhini ambayo hawakuitoa. Akiandika "ulijulishwa" mahali walipoidhinisha kwa kunyoosha mikono, ameupunguzia nguvu uamuzi halali. Muhtasari huo ndio utakaosomwa mbele ya baraza la ardhi miaka kumi baadaye, wakati waliohudhuria wamehama au wamefariki.

5.0 Ripoti hubaki wapi?

Mafunzo haya huchukua takriban wiki nane katika vyuo vingi. Mwishoni mwanafunzi huandika ripoti, ambayo kwa kawaida huwa ya Kiingereza, husahihishwa na mhadhiri, hupewa alama na kuwekwa kabatini. Ndani yake huenda mna orodha ya visima vibovu, idadi ya kaya zilizoathiriwa na tembo, au maelezo ya mgogoro wa malisho, yote yamepatikana kwa muda wa watu waliokubali kuhojiwa. Ofisi ya kijiji ikipata nakala, haiwezi kuitumia katika kikao. Kwa maneno mengine, kijiji kimemfundisha mwanafunzi, chuo kimempa alama, na kumbukumbu ya kijiji imebaki kama ilivyokuwa.

Wapo watakaosema kwamba ripoti ya kitaaluma ina masharti yake, na kwamba mwanafunzi wa uhandisi au wa uchumi hana istilahi za kutosha za Kiswahili. Pingamizi hilo lina ukweli, ila linathibitisha hoja badala ya kuivunja. Mwanafunzi asiyeweza kumweleza mwenyekiti wa kijiji kwa Kiswahili alichokipima hajamaliza kukielewa kwa kiwango kinachohitajika kazini. Aidha, tangu Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ikifanye Kiswahili kuwa lugha ya sheria, mtumishi wa umma asiyeimudu lugha hiyo katika maandishi rasmi anapungukiwa na nyenzo ya msingi ya kazi.

Pendekezo linalotokana na hayo halihitaji bajeti kubwa. Kwanza, ripoti ya mafunzo kwa vitendo iambatane na muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili, ukabidhiwe ofisi iliyompokea mwanafunzi na usomwe kikaoni kabla hajaondoka, ili waliohojiwa wasahihishe. Pili, idara za Kiswahili ziwaandae wanafunzi wa fani zote katika uandishi wa mihtasari na uchunguzi wa maana za maneno ya kiutawala. Tatu, wanafunzi wa isimu wapangiwe pia halmashauri za wilaya, si shule na vyombo vya habari pekee. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, ulionyesha lugha zinazungumzwa wapi. Bado iko kazi ya kuonyesha zinakutanaje na Kiswahili mezani kwa mtendaji.

6.0 Hitimisho

Mwanafunzi si mbadala wa mtumishi, na halmashauri inayomtegemea kuziba pengo la ajira inajidanganya. Mchango wake ni wa namna nyingine. Kwa kuwa ni mgeni, ana ruhusa ya kuuliza swali ambalo mwenyeji huona haya kuliuliza: "Neno hili mnalitumia kwa maana gani?" Jibu la swali hilo, likiandikwa vizuri na kuachwa kwenye jalada la kijiji, linaweza kumwokoa mkulima na tumaini la uongo, mrina asali na kesi, na kijiji na hasara ya ardhi yake.