Maji ya Mwisho Yako Wapi? Hesabu ya Maji kwa Wapanda Milima

Mada kwa semina ya waongoza matembezi, Mulot



Sisi wa Bomet na Kericho tumelelewa karibu na maji. Hapa Mulot tuna Amala, unaotoka Mau kwenda kukutana na Nyangores na kuunda mto Mara, na ukipanda kwenye mashamba ya chai huendi mbali kabla ya kuvuka kijito. Mazoea hayo hutuponza tukienda Longonot. Ule ni mlima wa volkano, mita 2,776, na udongo wake wa majivu hunyonya mvua yote. Njiani hakuna kijito wala bomba, na kivuli ni haba. Kupanda kutoka langoni, kuzunguka ukingo wa kreta na kurudi ni takriban kilomita 13.

Mtu mzima anayetembea kwa mwendo wa wastani huhitaji karibu nusu lita kwa saa. Jua likiwaka au mlima ukisimama, hukaribia lita nzima. Longonot huchukua kundi la vijana saa 5 au 6. Basi kila mmoja abebe lita 3, na viongozi wagawane akiba ya kundi. Ni kilo 3 mgongoni, ndiyo, lakini mzigo huo hupungua kila unapokunywa. Ile chupa ndogo ya dukani wanayoshika wanafunzi wengi huisha kabla ya kufika ukingoni.

Mlima Kenya una hesabu nyingine. Njia ya Sirimon hupita bonde la Mackinder lenye vijito hadi kambi ya Shipton's, mita 4,200, kwa hiyo lita 2 zatosha mtu akijaza njiani. Ayachemshe au ayatie dawa, hata yakionekana maangavu. Usiku wa kupanda kilele cha Lenana, mita 4,985, maji huganda, na mrija wa mfuko wa maji huziba mapema. Chupa ikae ndani ya koti, mdomo chini, kwa kuwa barafu huanzia juu.

Kule Kilimanjaro, kambi ya Barafu haina maji. Wapagazi huyateka katika bonde la Karanga na kuyapandisha wenyewe. Wapagazi hawa hawaanzi kwa kuuliza safari ni ndefu kiasi gani. Huuliza maji ya mwisho yako wapi, na hesabu yao huanzia hapo. Nasi tufanye hivyo.

Tahadhari moja: kunywa maji mengi mno bila kula kitu chenye chumvi ni hatari pia. Bebeni njugu za chumvi.

Ombi langu kwa shule na vikundi ni hili: ratiba ya kila safari ionyeshe mahali pa maji ya mwisho, saa za kutembea kutoka hapo, na lita za kila mtu. Kiongozi azikague langoni, na asiye nazo asipande.