Kushika Shilingi ya Waziri



Sisi wauguzi tukipokezana zamu, dawa kali huhesabiwa na watu wawili. Anayeondoka hasemi "niamini", anaonyesha. Si kwamba tunashukiana, ila hesabu ikipotea ataumia mgonjwa.

Bunge letu nalo huhesabu. Kuanzia Aprili kila mwaka, mawaziri husimama Dodoma kuomba fedha, wizara baada ya wizara. Mbunge asiyeridhika na jibu hushika shilingi: hutoa hoja ya kuondoa shilingi moja katika mshahara wa Waziri mpaka aeleze vizuri. Shilingi moja hainunui hata pipi, watoto wetu, lakini humwinua Waziri kitini ajibu.

Mara nyingi shilingi hurudishwa upesi, na wengine huishika kwa mbwembwe tu. Lakini Julai 2011, nchi ikiwa kwenye mgao wa umeme, wabunge waligoma kupitisha bajeti ya Nishati na Madini. Serikali iliomba wiki tatu, ikarudi Agosti na mpango wa umeme wa dharura, ndipo ikapita.

Sisi tuko mbali, na huku hatupigi kura. Lakini mama zetu wanatibiwa katika zahanati zinazotegemea bajeti hiyo. Basi Aprili ikifika, tukae na watoto tusikilize Bunge, tuulizane: leo nani kashika shilingi, na kajibiwa nini?