Mjamzito wa Ng'ambo ya Anacostia

Jiji la Washington, mji mkuu wa Marekani, linapitiwa na mto uitwao Anacostia. Mashariki yake wanaishi zaidi Wamarekani weusi, wengi wao wa kipato cha chini. Mwaka 2017 hospitali pekee ya upande huo ilifunga wodi ya wazazi. Mwaka huohuo Hospitali ya Providence, iliyokuwa ng'ambo ya pili, nayo ikaacha kuzalisha. Hadi hospitali mpya ya Cedar Hill ilipofunguliwa mwaka 2025, mwanamke wa mashariki akishikwa na uchungu ilimbidi avuke mto.

Lakini shida huanza mapema kuliko uchungu. Mfikirie mama mwenye mimba ya miezi saba, miguu imevimba, anayelipwa kwa saa. Akienda kliniki anapanda mabasi mawili na kukosa ujira wa nusu siku, na kodi ya nyumba haijatimia. Anaahirisha. Presha haiahirishi. Kifafa cha mimba hujijenga kimyakimya, na kinachokiwahi ni kupimwa mara kwa mara, kipimo cha dakika chache tu. Asiyefika hapimwi.

Kwa hiyo siwezi kuwakubalia wanaosema wanawake hawa hawajijali. Takwimu rasmi za Marekani za mwaka 2023 zinaonyesha kwamba kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, walifariki mama weusi 50 hivi. Weupe hawakufika 15. Umaskini hauelezi yote, maana hata mcheza tenisi Serena Williams, kwa fedha na jina lake, alipojifungua mwaka 2017 ilibidi awasisitizie wahudumu wampime mabonge ya damu mapafuni. Kama yeye alilazimika kusisitiza, yule wa mabasi mawili atasikilizwa na nani?

Mwaka 2024 hospitali zilitakiwa kuwauliza watu wazima wanaolazwa kuhusu chakula, makazi, usafiri, bili za umeme na maji, na usalama wao. Nashukuru waliulizwa. Ila ukimwuliza mjamzito kama kuna chakula nyumbani, akasema hakuna, ukaandika kwenye fomu na kumwambia kwaheri, umemwongezea aibu tu. Mimi nataka nauli na chakula viandikwe na daktari pamoja na vidonge vya kuongeza damu, na mama avichukue dirisha lilelile la dawa, siku hiyohiyo.