Siku Nne za Kwanza

(Mazungumzo kwa wanachama wa vikundi vya kujisaidia, Mutuini, Dagoretti)

Mwenyekiti ameniomba niseme juu ya kuacha pombe. Nilimjibu kwamba kuacha si kazi, mimi nimeacha mara nyingi sana, kila Jumatatu. Kazi ni Jumanne na Jumatano. Kwa hiyo leo sitasema ubaya wa pombe. Kila mtu hapa anaujua, na mlevi anaujua kuliko nyinyi nyote.

Nilikuwa kibarua kwenye vichinjio vya Dagoretti. Pale nilikuwa nikilipwa kila jioni, na njia zote za kwenda nyumbani zilipitia kwa mama pima. Asubuhi sikuweza kushika kikombe mpaka nitoe loki kwanza. Basi mke wangu akachoka, akashauriana na kaka zangu, wakanifungia ndani. Walifanya kwa upendo, siwalaumu. Siku ya kwanza nilitetemeka, nikatapika, jasho likalowesha blanketi. Wakasema, "Mwacheni, pombe inatoka." Usiku wa pili nikaona siafu wakipanda ukutani, nikawa nawaua kwa mikono. Siafu hawakuwapo. Kabla ya kupambazuka nikashikwa na kifafa, mimi ambaye sijapata kuugua kifafa maishani. Nilipelekwa hospitali kwa mkokoteni. Daktari akauliza, "Ni nani aliyewaambia mumfungie?" Hakuna aliyejibu.

Alitueleza hivi. Pombe huipoza akili. Mtu akinywa kila siku, akili nayo husukuma upande wa pili ili isilale. Ni kama watu wawili wanaosukumana mlangoni: mmoja akiachilia ghafula, mwenzake anaanguka kifudifudi. Kutetemeka huanza saa chache tu baada ya glasi ya mwisho, hata saa sita au nane. Kifafa, kama kitakuja, huja zaidi katika siku mbili za kwanza. Kuweweseka na kuona vitu visivyokuwapo, pamoja na homa na moyo kwenda mbio, huja siku ya pili hadi ya nne, na hilo huweza kuua mtu. Baada ya hapo mwili huanza kutulia, ingawa usingizi na hasira huchukua wiki nyingi. Si kila mnywaji atapata mambo haya. Yule wa Jumamosi moja moja ataumwa kichwa tu.

Basi, ni nani asiache peke yake nyumbani? Ni yule anayetetemeka asubuhi kabla hajanywa, na yule aliyewahi kuanguka kifafa au kuona vitu alipoacha zamani. Mzee, mgonjwa na mama mjamzito pia. Hao waende hospitali kwanza. Watapewa dawa ya kutuliza inayopunguzwa siku kwa siku, na vitamini B1, kwa sababu mlevi hali chakula. Dawa hiyo ya kutuliza msiinunue dukani na kujipimia, maana ikikutana na pombe huweza kuzima pumzi. Na kama hospitali haifikiki leo, ni afadhali apunguze kidogo kidogo mpaka afike huko kuliko kukata mara moja. Najua akina mama wengine watanikasirikia kwa neno hilo, lakini mimi ndiye niliyeua siafu.

Kuna jambo jingine la kuangalia. Mtu asiye na pesa hutafuta ya bei rahisi kabisa, na hiyo ndiyo huchanganywa methanoli. Mnakumbuka Novemba 2000, kule Mukuru na mitaa ya jirani, watu zaidi ya 100 walikufa na wengine wakapofuka. Februari 2024 ikawa Kirinyaga. Kwa hiyo mgonjwa akisema macho yana ukungu au haoni vizuri, msiseme ni pombe inatoka. Mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa yule aliyeruhusiwa kukaa nyumbani. Asiachwe peke yake mchana wala usiku. Mpeni uji mwepesi na maji kidogo kidogo, mara nyingi. Taa iwake usiku, watu wasijae chumbani, na asihubiriwe! Mjomba wangu alinisomea madhambi yangu saa nne nzima, na nilichowaza muda wote huo ni busaa. Tamaa ikimshika, jueni kwamba haidumu, mara nyingi ni kama nusu saa. Mtoeni nje, mpasue kuni pamoja, mtembee mpaka ipite. Itarudi, mtatembea tena.

Mshahara ni jambo gumu. Mimi mwenyewe nilimwomba mnyapara ampe mke wangu pesa zangu kwa miezi miwili. Wenzangu walinicheka sana. Lakini ni mimi niliyeomba, na hapo ndipo penye tofauti, maana mara ya kwanza walipojaribu kuninyang'anya nilikopa kwa mama pima.

Na hapa naomba tuvumiliane. Mama pima wengine ni wanachama wetu. Wanapika ili watoto wasome, na tunapokea mchango wao katika mzunguko bila kuuliza umetoka wapi. Hatuwezi kumwuguza mtu Jumanne na Jumatano halafu Ijumaa tugawane faida ya kumrudisha chini. Napendekeza mama anayetaka kuacha kupika apewe zamu ya kwanza ya mzunguko, aanzishe mboga au kuku. Mkikataa, nipeni sababu.

Simu ya NACADA ni 1192, haina malipo, na hata mke au mzazi anaweza kuipiga. Kule kwetu kuna kijana mmoja amesema ataanza Jumatatu. Asubuhi ataonwa hospitalini. Akiruhusiwa kurudi nyumbani, nahitaji watu wanane wa kukesha naye, wawili wawili, usiku nne. Wawili tayari ni mimi na mke wangu. Karatasi iko kwa katibu.