Taa Kuwaka Si Ushahidi

Msikilizaji, huku kwetu Kagera, kuanzia Kayanga na Omurushaka hadi Nkwenda na Murongo, mvua haiji peke yake. Huja na radi. Ukanda huu wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi duniani, na mwaka 2018 wenzetu wa Geita walizika wanafunzi sita waliopigwa na radi wakiwa shuleni. Kwa hiyo radi ikipasua mkaratusi wa uani na familia ikatoka salama, ni haki kumshukuru Mungu. Wasiwasi wangu ni kinachofuata. Mtu anabonyeza swichi, taa inawaka, basi anaamini nyumba haikuguswa. Nasema taa kuwaka si ushahidi, na nyumba iliyopigwa na radi, au ambayo radi imepiga jirani yake kabisa, isirudishiwe umeme kabla nyaya zake hazijapimwa.

Radi ya kawaida hubeba ampea zipatazo 30,000, ingawa kwa kitambo kidogo mno. Waya wa taa zetu umetengenezwa kubeba ampea zisizofika 20. Wala radi hailazimiki kuugusa waya huo: ikipiga nguzo au mti wa karibu, msukumo wake hupenya hadi ndani ya nyumba na kutafuta njia ya kwenda ardhini. Hapo plastiki ya waya huweza kutoboka, pengine tundu dogo kama la sindano. Shaba iliyo ndani ni nzima, ndiyo maana taa inawaka. Lakini tazama tundu lenyewe liko wapi: juu ya dari, waya umepigiliwa kwenye kenchi, umegusana na bati. Unyevu wa mvua inayofuata ukiingia, umeme huanza kuvuja. Theluthi moja ya ampea kwa volti 230 ni karibu wati 77 za joto, zimekusanyika kwenye nukta moja juu ya mbao kavu. Na ukivujia kwenye bati, paa zima lina umeme, na mfereji wa maji ya mvua, na ule waya wa kuanikia nguo uliofungwa kwenye ncha ya bati. Mama anashika kanga mbichi, miguu pekupeku kwenye tope.

Utaniambia breka itakata. Breka ya ampea 20 husubiri umeme uzidi kiwango chake. Uvujaji wa theluthi ya ampea haiuhisi kabisa, na mtu anaweza kufa kwa chini ya hapo. Kifaa kinachouhisi ni kile cha kunasa uvujaji, na nyumba nyingi vijijini hazina. Mwingine atasema swichi kuu ilikuwa imezimwa. Ni vizuri, lakini nafasi iliyo ndani ya swichi hiyo ni milimita chache, na radi imekwisha kuruka kilomita nzima za hewa. Wapo pia wanaoamini kwamba radi hutumwa na mtu. Hata kwa anayeamini hivyo, waya uliotoboka unabaki umetoboka, na watoto wanalala chini yake. Baada ya tetemeko la ardhi lililotikisa mkoa wetu Septemba 10, 2016, hakuna aliyeshangaa mtu kukagua kuta kabla ya kulala ndani, kwa kuwa nyufa zilionekana. Ufa wa radi uko ndani ya waya.

Hoja nzito ni gharama, na siidharau. TANESCO inahusika hadi kwenye mita. Nyaya za ndani ni mzigo wa mwenye nyumba. Lakini hatua ya kwanza haina gharama: zima swichi kuu, kagua soketi zilizopiga weusi, nusa harufu ya plastiki iliyoungua, na usiguse kitu kilichoungua. Ya pili ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, na nyumba ya vyumba vitatu haimchukui siku nzima. Radi iliyoingia kwa nguzo haikuchagua nyumba moja, basi majirani wa transfoma moja wachangie safari yake. Asije na bisibisi ya tesa pekee, maana hiyo huonyesha umeme upo tu, haionyeshi unakovujia. Aje na mega, kifaa kinachopima kama plastiki ya waya bado inazuia umeme usivuje. Achomoe vifaa vyote na balbu, apime kila sakiti dhidi ya ethi kwa volti 500. Chini ya megaomu 1 haikubaliki, waya ubadilishwe. Na sakiti yenye megaomu 2 wakati nyingine zina 100 ichunguzwe palepale, isipitishwe kwa sababu tu imevuka kiwango. Kisha ashuke kwenye fimbo ya ethi, akague kama nati na waya wake havikuyeyuka.

Kabla hajaondoka, mwombe aandike vipimo hivyo kwa kalamu isiyofutika ndani ya mfuniko wa bodi: tarehe, sakiti, megaomu. Radi itarudi, na fundi atakayekuja siku hiyo atakuwa na cha kulinganisha.