ZANA ZA DARASANI NI KAZI YETU SOTE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazazi)



Tumekuja kusema nanyi juu ya jambo linaloonekana dogo, kumbe ni kubwa: vitu vya kufundishia katika shule za msingi za watu wa kipato cha chini. Sisi tuliopita chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mtoto hujifunza kwa kuona, kwa kushika na kwa kutenda. Lakini mwalimu akiingia darasani na kipande cha chaki tu, hana la kufanya ila kuimbisha: "Tano mara tano?" Watoto nao huitikia kama kasuku. Kuitikia si kuelewa. Mtoto wa tajiri hununuliwa picha na vitabu vya hadithi nyumbani. Mtoto wa mkulima asipovikuta shuleni, havikuti popote. Hapo ndipo usawa tunaoutangaza unapopimwa.

Jambo hili si geni kwetu. Katika miaka ya 1950 wazazi wa Tanganyika, kwa jumuiya yao ya TAPA, walianzisha shule pale ambapo mkoloni hakujenga. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere akaeleza Elimu ya Kujitegemea, na mwaka 1974, kule Musoma, ikaamuliwa kwamba kila mtoto aingie shule. Watoto wakaingia kwa wingi, lakini vitabu na madawati havikuingia kwa wingi ule ule. Deni hilo bado tunalo.

Sasa tuzungumze juu ya fedha. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001. Waraka wa elimu bila malipo wa mwaka 2016 ulifuata ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka: 4,000 za vitabu vinavyonunuliwa kwa pamoja, na 6,000 za kupelekwa shuleni. Tupige hesabu. Shilingi 6,000 kwa mwaka ni 500 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho, shule yenye watoto 600 ingepata 300,000 kwa mwezi, na humo humo mna chaki, karatasi, mitihani na matengenezo. Ni kidogo, lakini si bure. Tunawauliza: nani kati yetu amekwenda shuleni kuuliza zimefika ngapi na zimenunua nini? Kamati ya shule ni ya wazazi. Mapato na matumizi yasomwe mkutanoni na yabandikwe ubaoni. Asiyeuliza asije akalalamika.

Jambo la pili ni mikono yetu. Vizibo vya soda vikioshwa ni hesabu ya darasa la kwanza. Vijiti vikifungwa kumi kumi kwa kamba, mtoto anashika makumi na mamoja mkononi mwake, wala hahitaji kukariri. Kiroba kitupu kikifuliwa na kukatwa ni chati ya herufi, nacho hakichaniki upesi kama karatasi. Katoni ya dukani ni saa ya kujifunzia. Udongo wa kichuguu hufinyangwa milima na mabonde kwa somo la jiografia. Uji mzito wa unga wa muhogo ni gundi. Mwenye duka atoe katoni, mshonaji atoe vipande vya nguo, seremala atoe mabaki ya mbao, na wazee waje waseme na watoto juu ya majina ya miti na historia ya kijiji. Vijana wa Maswa, huko Simiyu, walianza kutengeneza chaki wenyewe. Hiyo ndiyo njia.

Jambo la tatu ni michango. Mchango ni hiari, upitie kwenye kamati na utolewe stakabadhi. Kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu mzazi wake hana kitu ni makosa, na mwanachama wetu akiona hivyo asinyamaze.

Lakini tusidanganyane. Kizibo hakiwezi kuwa kitabu. Kujitegemea hakumaanishi kumwachia mwalimu mmoja, mwenye watoto mia, atafute kila kitu kwa mshahara wake, wala hakumwondolei mwenye mamlaka wajibu wa kuleta vitabu. Tunayofanya kwa mikono yetu yatupe haki ya kudai kwa sauti kubwa zaidi, wala yasiwe kisingizio cha kutusahau.

Basi kabla ya mkutano ujao, kila tawi lifanye mambo matatu: liombe hesabu ya ruzuku katika shule iliyo karibu, lipange siku moja ya wazazi na walimu kutengeneza zana, na liandike orodha ya vitabu vinavyopungua, darasa kwa darasa, liipeleke kwa diwani na kwa ofisi ya elimu, libaki na nakala. Mkutano ujao tutauliza tawi kwa tawi.

Haba na haba hujaza kibaba.