Tulidhani Yumo Msafarani
(Jumapili ya Familia Takatifu)



Injili ya leo, Luka 2:41-52, yatuonesha wazazi wema wakikosea jambo ambalo ni jepesi mno kulikosea. Maria na Yosefu walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani mtoto yumo msafarani pamoja na jamaa zao. Hawakumtupa, walimdhania tu. Sisi, baba na mama wa nyumba moja hapa Holili, tuliyaelewa maneno hayo mwaka 2020, tena kwa aibu.

Mnakumbuka jinsi Serikali ilivyozifunga shule tarehe 17 Machi mwaka ule kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na shule za msingi hazikufunguliwa mpaka tarehe 29 Juni. Watoto wetu watatu wakawa nyumbani mchana kutwa. Juma la kwanza, twakiri, tulinung'unika. Tuliona kelele tu, na sufuria ya uji iliyokwisha kabla ya wakati wake. Juma la pili, katika sala ya jioni, tukamwita kijana wetu wa darasa la tatu atusomee Injili. Akasimama wima, akasoma vizuri pasipo kukwama. Mama yake akauchungulia ukurasa: kitabu kilikuwa kimefunguliwa mahali pengine kabisa! Mtoto alikuwa akitamka aliyoyasikia kanisani. Kusoma hakujua.

Tulikuwa tumelipa michango, tumenunua sare, tumetia sahihi katika madaftari yake. Tulidhani yumo msafarani.

Neno la kwanza lililotutoka lilikuwa la kumlaumu mwalimu. Lakini mwalimu alikuwa na darasa zima mbele yake, na sisi tulikuwa na mmoja mezani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Malezi ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, ulikwisha kutukumbusha kwamba walezi wa kwanza na wakuu wa watoto ni wazazi. Tulikuwa tumeyafundisha hayo kwa wachumba wanaojiandaa kwa ndoa, mara nyingi tu.

Basi tukaanza. Hatukuwa na utaalamu. Tulishika agizo la Musa katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, kwamba mtoto afundishwe mketipo nyumbani na mwendapo njiani, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Alfajiri sala, kisha kufagia uani na kuwakatia mbuzi majani. Baada ya uji, chini ya mwembe, tuliandika silabi kwa mkaa juu ya kipande cha boksi. Hesabu tulizifanya kwa maharage, na kwa shilingi za pande mbili, kwa maana mtoto wa mpakani asiyejua kubadili shilingi ya Kenya kuwa ya Tanzania ataibiwa mchana kweupe. Hapo binti yetu mkubwa alimsahihisha baba yake mara mbili, na baba akanyamaza.

Bibi yao, aliyeshuka kwetu kutoka migombani, aliwafundisha yasiyo katika kitabu. Aliwaonesha isale, ule mmea upandwao mpakani mwa kihamba, akawaeleza jinsi jani lake linavyopelekwa kwa jirani kuomba msamaha. Sisi wenyewe tulikuwa tumesahau kuwaambia.

Mwezi Mei mambo ya mpakani yalikaza, na malori yakapanga foleni barabarani. Tulisimama mbali kwa tahadhari, tukamwonesha kijana maandishi ya ubavuni. Siku moja, mbele ya lori la mafuta, akatulia, midomo ikicheza, kisha akapaza sauti: "Ha-ta-ri! Hatari!" Dereva akaruka kutoka kitini akidhani pana moto. Tukamwomba radhi, huku tukicheka na machozi yakitutoka. Lilikuwa neno lake la kwanza kusoma pasipo kuambiwa.

Wala hatusemi, wapendwa, kwamba watoto waondolewe shuleni. Marekani zipo familia nyingi zilizochagua kufundisha nyumbani moja kwa moja. Kwetu Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 yamtaka mtoto ahudhurie shule ya msingi, nasi tulimrudisha wetu siku ile ile ya kufunguliwa. Ila safari hii tulikwenda naye mpaka kwa mwalimu, tukamweleza yote. Naye alitusikiliza, akamweka dawati la mbele.

Kijana huyo amekwisha kumaliza shule ya msingi. Benchi la chini ya mwembe halijaondolewa. Jioni sasa husoma mdogo wake, na bibi huketi karibu naye. Bibi hajui herufi hata moja, lakini Injili azijua kwa moyo, na mtoto akianza kubuni tu, humgusa goti kwa fimbo yake, aanze tena.

Tumsifu Yesu Kristo.